Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa P.4 na kreti 13 za soda

Saa 11 alfajiri. Kinachoniamsha ni malori. Hapa Busia, upande wa Uganda, foleni ya kwenda mpakani huanza kunguruma giza bado likiwa zito. Nainjika chai, nafungua andalio la somo. Leo ni kuzidisha namba ya tarakimu mbili kwa nyingine ya tarakimu mbili. Huu ni mwaka wangu wa tisa na P.4, yaani darasa la nne la msingi, na hakuna somo ninaloliandalia kwa muda mrefu kama hili, kwa sababu ndipo watoto wengi wanapoanza kusema hesabu si zao.

Saa 1:30 niko shuleni. Gwaride, usafi, rejista.

Saa 2:40. Darasa langu lina watoto 84 kwenye madawati 14, sita sita. Huwa naanza na wao wenyewe. "Tuko wangapi?" nauliza, na nakataza kuhesabu kichwa kimoja kimoja. Mmoja anajibu: madawati kumi ni 60, yaliyobaki manne ni 24, jumla 84. Hakuna aliyemfundisha kuivunja 14 kuwa 10 na 4. Ameyaona madawati, akayagawa.

Ukutani kuna jedwali la 10 kwa 10, majibu 100. Mtoto akilitazama moyo unamshuka, maana ameambiwa ayakariri yote. Mimi nalipunguza mbele yao kwa chaki. Nachukua trei tupu ya mayai: mistari 5, kila mmoja mayai 6. Naigeuza ubavu: mistari 6, kila mmoja mayai 5. Mayai ni yale yale 30. Basi ukijua 5 mara 6 umeshajua 6 mara 5, na yale majibu 100 yanabaki 55. Ondoa ya 1, ya 2, ya 5 na ya 10, ambayo wanayajua tangu P.2. Yanabaki 21. Nikiwaambia ni 21 tu, wanakaa wima. Sipingi kukariri, 7 mara 8 lazima itoke mdomoni bila kusita. Ninachopinga ni kuimba jedwali mwaka mzima bila kuona mstari hata mmoja wa vitu.

Neno lenyewe "kuzidisha" nalo huwapoteza kidogo. Mtoto anategemea kitu kizidi, halafu unamwambia 24 kuzidisha kwa 0 ni 0. Ndiyo maana napenda "mara". Umenunua kreti ya chupa 24 mara ngapi? Mara sifuri. Umerudi nyumbani mikono mitupu.

Kisha nikaandika ubaoni: 24 × 13.

Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye mama yake anauza soda karibu na stendi, akaja kufanya. Akazidisha 24 kwa 3, akapata 72. Akazidisha 24 kwa 1, akapata 24, akaiandika chini ya 72, mamoja chini ya mamoja. Akajumlisha: 96. Mwandiko msafi, kila hatua imefuata nilichowaonyesha jana, isipokuwa ile ya kusogeza kushoto. Na jana nilisema tu, "sogeza nafasi moja." Sikusema kwa nini. Kosa la ubaoni lilikuwa lake, lakini chanzo chake ni mimi.

Sikumwambia amekosa. Nilimuuliza kwa Kiswahili, kwa kuwa kuanzia P.4 masomo yanahamia Kiingereza, na mtoto anabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. "Mama akiletewa kreti 13, chupa ni 96?"

Akatazama ubao. Akatazama vidole vyake. "Hapana, mwalimu. 96 ni kreti nne."

"Na kreti kumi?"

"240." Haraka, bila kufikiri. Kisha akageuka mwenyewe, akagusa ile 1 ya kwenye 13 kwa kidole chenye vumbi la chaki, akasema polepole: "Hii si moja. Hii ni kumi." Akafuta 24, akaandika 240. Jumla 312.

Darasa zima lilikuwa kimya. Ningependa kila mwalimu aliyewahi kusema "sogeza nafasi moja" angekuwepo pale.

Saa 4:30, uji. Saa 5 tukatoka nje. Kwa kijiti nikachora mstatili mkubwa kwenye vumbi: upande mmoja 20 na 4, upande mwingine 10 na 3. Vyumba vinne. Watoto wakaingia ndani kama wapangaji, kila chumba kikataja zao lake: 200, 60, 40, 12. Jumla 312 tena. Wale waliokuwa hawajaamini kreti, waliamini vyumba.

Saa 7, posho (ugali) na maharage. Mwalimu mwenzangu alisema njia hizi zinakula muda, na mtihani wa P.7 unataka jibu. Ni kweli zinakula muda. Lakini mtoto asiyejua kwamba 96 haiwezekani, mtihani utamkuta hivyo hivyo.

Saa 11 jioni nilipita sokoni. Mama wa mayai alikuwa anamuuzia mteja trei 13, kila moja shilingi 11,000. Hana kikokotoo. Alitaja maelfu kwa sauti ya chini, akikunja kidole kila hatua: "Moja, 11. Mbili, 22. Nne, 44. Nane, 88." Kisha akachagua: nane, nne na moja zinafanya 13. 88, 44, 11. "143,000, mwanangu." Pesa ikapokelewa.

Nilisimama pale kama mwanafunzi. Chuoni tulisoma njia hii hii: Wamisri wa kale walizidisha kwa kurudufu na kuchagua, na mwandishi Ahmose aliiacha kwenye mafunjo yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Ilikuwa bondeni mwa mto Nile, huu huu unaotoka ziwani pale Jinja.

"Mama, nani alikufundisha kuhesabu hivyo?"

"Bibi yangu, mwalimu. Alikuwa anauza samaki."

Nikamwomba aje darasani Ijumaa. Akacheka, akasema hajui Kiingereza. Nikamwambia atahesabu kwa Kiswahili, mimi nitaandika ubaoni.

Saa 3 usiku. Nimesahihisha madaftari 84 kwa mwanga wa taa ya sola. Swali lilikuwa 36 × 12. Watoto 51 wamepata 432. Watoto 19 wameandika 108, kosa lile lile la nafasi. Waliobaki 14 wana makosa ya kujumlisha, hayo ni mepesi. Daftari la yule binti lina 432, na pembeni amechora vyumba vinne ambavyo sikuvidai, kila kimoja na namba yake.

Nimeandika majina ya wale 19. Kesho watakaa madawati ya mbele, na nina trei tupu nne za kuanzia.