Adabu haiko kwenye "tafadhali" peke yake

Jamani hili neno kila nikilisikia linaniuma, eti sisi Wazanzibari tukiomba kitu tunatoa amri. Nafanya kazi mapokezi kwenye gesti Mji Mkongwe, na kwenye kozi moja ya kastama kea tuliyopelekwa mkufunzi alituambia waziwazi kuwa namna yetu ya kuomba haina adabu, mana mtu anasema "nipe", "niletee", "n'sogezee", basi tuwe tunatia tafadhali kila tukifungua mdomo. Vijana wakaandika kwenye madaftari. Mie naona tulifundishwa nusu tu, na ile nusu iliyoachwa ndo kubwa.

Hebu msikilize mtu mzima wa hapa akitaka maji. "Hebu n'letee maji baba." Anamwambia mtoto wa miaka mitano, anamwita baba! Tafadhali haimo lakini mtoto keshapewa heshima yake na anakwenda mbio. Na ukiwa unamuomba mkubwa wako ndo kabisa, kabla hujafika kwenye shida yako ushapita assalaam aleikum, shikamoo, habari za tangu jana, nyumbani hawajambo, mgonjwa kaamkaje leo, halafu ndo unasema "bi mkubwa nipe chumvi kidogo" na hakuna anayehisi kaamrishwa, haki yake ushampa mwanzo.

Mwingereza heshima yake anaiweka ndani ya ombi lenyewe. Anakuuliza kama unaweza kumpa hiyo chumvi, ili ukitaka kukataa upate pa kupitia. Wataalamu wa lugha Penelope Brown na Stephen Levinson, walioandika juu ya adabu mwaka 1978 wakitazama Kiingereza, Kitamil cha kusini mwa India na Kitzeltal cha Mexico, walisema kila binadamu ana haja mbili, asisumbuliwe na apendwe, na adabu ndo inazilinda zote mbili. Hapo nakubali. Ila baadae wataalamu wa Japani, Yoshiko Matsumoto na Sachiko Ide, wakajibu kuwa kwao mtu anatazama kwanza yeye ni nani mbele ya mwenzake na maneno yanafuata hapo hapo: kula kwa kawaida ni taberu, akila mgeni wako unasema meshiagaru, ukila wewe mbele yake unasema itadaku. Hilo mie limeniingia kweli, mana kwetu mtoto hakai akapima kama amuamkie shangazi yake au asimuamkie, anamuamkia kwa kuwa ni shangazi yake basi.

Na Wapoland, ambao siku hizi tunawapokea wengi kweli visiwani, mtaalamu wa lugha Anna Wierzbicka aliyezaliwa huko huko kwao aliandika mwaka 1985 kuwa mwenyeji wa Kipoland anamkazania mgeni, kaa, kaa bwana, ongeza chakula, na huko kukazania ndo upendo wenyewe. Si sisi hao? Mgeni akisema nimeshiba nani anamsikiliza, anatiliwa pilau nyengine.

Lakini mtu asiseme hatujui kumuachia mwenzetu nafasi yake. Sisi hiyo tumeiweka mlangoni. Unapiga hodi mara tatu, kimya, unarudi zako bila kinyongo, dini ndo ilivyotufundisha, na hata kama umesikia redio inaimba ndani huulizi kwa nini hukufunguliwa.

Kinachonisikitisha ni hawa vijana waliotoka kwenye hizo kozi, anaingia jikoni asubuhi hajamuamkia mama anayetupikia, mtu wa umri wa mamake, anamwambia "tafadhali naomba chai ya chumba namba nne" na anaamini keshafanya adabu. Yule mama anampa chai, hasemi kitu, lakini uso unauona. Mie ningekuwa na amri, hiyo kozi ingeanza na salamu, siku nzima, halafu ndo tafadhali ije, na wageni nao waambiwe pale mapokezi wanapopewa ufunguo: ukitaka kuuliza njia ya Darajani, usimwendee mzee barazani na samahani wapi soko, mpe salaam, ngoja akujibu, muulize hajambo, halafu ndo uulize njia, na mara nyingi atainuliwa kijana akupeleke mpaka sokoni.