Nilivyolituliza taya langu

Taya langu lilikuwa likilia kak! upande wa kushoto kila nilipotafuna karoti mbichi au karanga, na ikifika jioni panja linauma. Mkate laini haukuwa na shida. Cha ajabu, mimi hutafunia kulia.

Daktari wa meno alinipa kioo, akaniambia nitafune huku nikitazama ncha ya kidevu. Kwa mkate, kidevu kilishuka na kupanda karibu mlemle. Kwa karoti kilishuka zaidi, kikaenda pembeni upande wa kulia, kisha kikarudi katikati meno yakikutana, kana kwamba kinachora tone la maji hewani. Nikaweka vidole shavuni, mbele ya pembe ya taya: msuli ulituna kila nilipobana. Karoti ilipozidi kusagika na kulowa mate, mizunguko ikapungua upana na msuli ukalegea. Yote hayo bila mimi kuamua lolote. Kuzunguka mizizi ya meno kuna neva zinazohisi ugumu mara jino linapogusa chakula, na misuli huongeza nguvu papo hapo.

Na kushoto je? Ukibana kitu kigumu kwa magego ya kulia, alinieleza, kwa kawaida kiungo cha taya cha kushoto ndicho kinachobeba mzigo mkubwa zaidi. Basi akanishauri vitu vigumu nivihamishie upande huohuo unaouma kwa muda. Nilidhani ananitania! (Ushauri huu ulitokana na kwamba tatizo langu lilikuwa kwenye kiungo, anayeumwa misuli huenda akaambiwa vingine.)

Chingamu niliacha moja kwa moja, maana hailainiki ikaisha kama chakula. Karoti nikawa naikata vipande vyembamba, kwa sababu hata ukubwa wa kipande hulazimisha taya kufunguka zaidi. Karanga nikazila zilizosagwa. Kazi ilikuwa kutafuna kushoto: ulimi wenyewe ulikuwa ukilirudisha tonge kulia, hasa nikiwa na njaa, ikabidi nile polepole kuliko wote mezani.

Maumivu ya panja yaliondoka kwanza, ya kiungo yakafuata taratibu. Mlio bado husikika mara mojamoja nikipiga miayo. Daktari anasema mlio usio na maumivu, taya likifunguka vizuri, hauhitaji matibabu. Likianza kukwama ndipo nirudi.