Ngiri ya kinena: niliyofuata kabla na baada ya kupasuliwa

Ngiri yangu ilikuwa ya kinena, upande wa kulia: uvimbe unaojitokeza nikisimama au nikikohoa, ukarudi ndani nikilala. Ukuta wa tumbo umelegea pale, utumbo unajipenyeza. Daktari hakuhitaji picha. Alinipima nimesimama, vidole kinenani, akaniambia nikohoe.

Nilipokuwa nangoja upasuaji, kazi yangu kubwa ilikuwa kuhakikisha uvimbe bado unarudi. Nililala chali, magoti juu, nikasubiri tumbo lilegee, ndipo nikausukuma polepole kwa kiganja. Kamwe si kwa nguvu! Uvimbe ukiwa mgumu, ukauma na kukataa kurudi, nawe ukaanza kutapika, au choo na hewa havitoki, utumbo umebanwa na damu haiufikii. Unaweza kuoza ndani ya saa chache. Hapo usile, usinywe, usikandwe, usingoje kupambazuke: nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji. Mkanda wa ngiri hushikilia tu, na dawa za mizizi wala chale haziwezi kuziba tundu. Inaniuma kuona watu hapa Goma wakipoteza muda huko.

Kwenye upasuaji, sindano ya mgongoni ilinitia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Kilichotoka kikarudishwa, tundu likazibwa kwa wavu mwembamba wa plastiki.

Kilichohitaji akili zaidi baadaye ni maji. Bidoni la lita 20 ni kilo 20, na daktari alinikataza kubeba chochote kinachozidi kilo 5 kwa wiki 6. Basi maji yaliletwa kwa chukudu (baiskeli ya mbao ya kusukuma) hadi mlangoni, na ndani nilichota kwa kidumu cha lita 3. Kuamka kitandani: geukia ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Ukikohoa, bana mto juu ya kidonda. Choo kigumu kinasumbua kuliko kidonda chenyewe, kwa hiyo kula sombe (majani ya muhogo), maharagwe na papai, unywe maji mengi. Pumbu kuvimba kidogo na kuwa na weusi ni kawaida. Homa au usaha, rudi kwa daktari.

Maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, ambayo mtu anaweza kuyachanganya na ngiri, ni jambo lingine, na upasuaji huu hauyagusi. Mara nyingi ni diski ya uti wa mgongo inayobana neva, na wengi hupata nafuu baada ya wiki kadhaa kwa dawa za maumivu na kutembea badala ya kulala kutwa. Ila ganzi kati ya mapaja, au mkojo uliozuilika au unaotoka wenyewe, ni dharura ya siku hiyohiyo.