Maji baridi ya Padre Kneipp

Julai hapa Umoja, Nairobi, maji ya bomba huuma. Jana nilijaza beseni, nikazamisha miguu hadi magotini. Mke wangu akauliza kama nimerukwa na akili. Nikamjibu ni tiba ya padre.

Sikuwa namtania. Sebastian Kneipp, padre wa Bavaria, Ujerumani, aliugua kifua kikuu ujanani, akawa anajitumbukiza kwenye mto Danube wakati wa baridi kali. Alipopona akaanza kuwatibu wengine kwa maji, mitishamba na kutembea pekupeku kwenye umande (nyanya yangu alifanya hivyo kila asubuhi akienda kukama, na hakuna aliyemwita tabibu). Mgonjwa wake mmoja, Benedict Lust, alirudi Marekani mwaka 1896, kisha akafungua chuo New York na kuieneza tiba hiyo kwa jina la naturopathi. Baada ya ripoti ya Flexner ya 1910, iliyokagua vyuo vya udaktari vya Marekani na Kanada, vyuo vya namna hiyo vilififia.

Matembezi na sukuma wiki nakubali. Lakini kifua kikuu? Hapo ni vidonge vya miezi 6, na kwenye hospitali za serikali ni bure.

Miguu, ajabu, ilipata joto nilipoitoa.