Kajifanya kasahau kila kitu, sarafu ya mia mbili ikamaliza ubishi

Ushauri unaoniudhi kuliko yote kwenye hii kazi ya saikolojia ni ule wa "mwangalie machoni, mwongo hatulii". Sio kweli jamani. Watafiti Bond na DePaulo mwaka 2006 walikusanya tafiti kibao za watu wanaojaribu kutambua uongo, wastani wa kupatia ukawa 54% hivi, yaani karibu sawa na kubahatisha, na mgonjwa wa kweli mwenye wasiwasi mara nyingi ndo anakwepa macho.

Kijana wa bodaboda kaletwa kwangu kwa ripoti ya fidia, anasema tangu ajali hakumbuki kitu, hata alichokula asubuhi. Kuna TOMM, kipimo cha picha 50 cha kumgundua anayejifanya kasahau, ila kinauzwa kwa dola, laki kadhaa huko, ofisi haina. Kingine cha kazi hiyohiyo, cha Rey cha kukumbuka vitu 15, ni bure lakini kwa watu wetu sikiamini, kina A B C na namba za Kirumi, nimeona mama ambaye hajawahi kukaa darasani anakwama palepale na hadanganyi chochote.

Nikatoa sarafu. Unamwonyesha iko mkono gani kama sekunde mbili, unafumba ngumi zote, yeye anafumba macho anahesabu kutoka 10 kurudi mpaka 1, akifumbua anagusa ngumi yenye sarafu, mnarudia mara 10. Utamu wake ni kwamba kinaonekana kigumu, kumbe hata watu ambao ugonjwa wa ubongo umewaharibu kumbukumbu vibaya huwa wanakipatia. Nikamwambia nikiwa siriasi kabisa, "Mdogo wangu, hiki ni kipimo cha kumbukumbu, jitahidi."

Akakosa. Akakosa tena. Kila nikifumbua ngumi anatikisa kichwa kwa huzuni, nami naandika tu kimya, mpaka tunamaliza kapata moja. Sasa piga hesabu: asiyekumbuka kitu akibahatisha atapata kama 5 hivi, kupata 1 au 0 kwa bahati tu ni nafasi 11 kati ya 1,024. Ukikosa kiasi hicho karibu hakika unajua sarafu iko wapi halafu unagusa mkono mwingine! Nilifurahi sana siku ile, sifichi.

Ila kwenye ripoti usiandike "mwongo", tafadhali. Kipimo kinaonyesha majibu hayaaminiki, hakisemi kwanini, na mtu anaweza kuzidisha dalili huku anaumwa kweli. Nikafunga mlango nikamwambia, "Matokeo haya hata aliyeumia ubongo vibaya hayapati, tuanze upya." Kanyamaza weee, mwishowe akasema ndugu yake ndo alimwambia asipojifanya kasahau hatalipwa. Halafu yakatoka ya kweli: usiku halali, akisikia honi ya lori anatetemeka mwili mzima, pikipiki hajaigusa tangu ajali. Hayo nikayapima kwa mahojiano marefu na vipimo vingine, nikayaandika kwa uzito wake, na matibabu tukaanzia hapo.