Bei ya rejareja si yangu: nilivyotuliza maduka yanayouza mchezo wangu wa ubao

Sanduku moja la mchezo wangu, yaani ubao, kadi, dadu na vipande vya rangi nne, hunigharimu karibu shilingi 900 likishafika Kisumu kutoka kwa mpiga chapa wa Nairobi. Nilianza kwa kuwauzia wenye maduka kwa 1,500 nao wauze 2,500. Ukisikia faida ya elfu moja kwa sanduku utadhani mwenye duka ameula. Lakini mchezo wa ubao haujiuzi kama sabuni. Lazima mtu aufungue, akae na mteja, amfundishe raundi mbili tatu, amwache ashinde kidogo, ndipo pesa itoke mfukoni.

Huko Marekani, ambako biashara hii ina mizizi, mtengenezaji kwa kawaida humuuzia msambazaji kwa takriban asilimia 40 ya bei ya rejareja, na duka hulipa nusu ya bei hiyo au zaidi kidogo. Huku kwetu msambazaji ni mimi mwenyewe. Katoni ya Kakamega naipeleka stendi, inapakiwa kwenye matatu, napiga simu ikapokewe.

Taabu ililetwa na muuzaji mmoja wa mtandaoni, wa Nairobi, asiye na duka. Alichukua katoni mbili, akalipa taslimu bila maneno, kisha akatangaza mchezo kwa 1,800. Kwake kila sanduku lina faida ya 300, na kazi yake ni kupiga picha na kumwita mtu wa boda. Haikuchukua muda nikapigiwa simu na mama mwenye duka la vitabu hapa mjini, ambaye ndiye aliyenipokea kwanza wakati hakuna aliyenijua.

"Mwanangu, vijana wanakuja hapa wanacheza mpaka jioni, nawawashia na feni. Halafu wananionyesha simu: mama, huku ni elfu moja mia nane. Sasa mimi ni mwalimu wa bure?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku hiyo zaidi ya "pole, mama, nalishughulikia." Mwenye duka wa Kakamega naye alikuwa na lake: nimwandikie yule wa Nairobi barua kwamba akishuka chini ya 2,300 simpi mzigo tena.

Kabla ya kuandika chochote nilimuuliza binamu yangu aliyesomea sheria. "Omera, hiyo barua usiiguse," aliniambia. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 21, inakataza mtengenezaji kumpangia muuzaji bei ambayo hatakiwi kushuka chini yake. Kupendekeza bei unaruhusiwa, mradi umweleze wazi kwamba hafungwi nayo, na ukiichapa kwenye bidhaa, maneno ya kuonyesha kwamba ni pendekezo yakae kando ya hiyo bei.

Nilibishana naye kidogo, kwa sababu nilikuwa nimesikia Wamarekani wanafanya hivyo. Ni kweli kwamba mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliitupa kanuni ya tangu 1911 iliyoharamisha moja kwa moja mpango wa aina hiyo. Kesi yenyewe ilihusu Leegin, kampuni ya mikoba na mikanda, na duka moja la Texas lililokuwa likipunguza bei kwa asilimia 20. Hoja iliyowavutia majaji ndiyo ile ile ya mama wa duka la vitabu: duka moja linagharamia kumhudumia mteja, jingine linavuna. Muda si mrefu baadaye Mayfair Games, waliokuwa wakichapisha mchezo wa ubao wa Catan kwa Kiingereza, wakawawekea wauzaji wao kikomo cha kupunguza bei. Hata hivyo, huko nako si ruhusa ya jumla. Mahakama hupima kila kesi, na jimbo la Maryland lilitunga sheria yake ya kukataza mwaka 2009. Binamu akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe unauzia Texas au Kisumu?"

Basi nikaacha bei ya rejareja na kugeukia bei yangu mwenyewe, ya jumla, ambayo hakuna anayenikataza kuipanga. Niliipandisha hadi 1,750 kwa kila mtu. Kisha nikatangaza kwamba duka lenye meza, sanduku moja la maonyesho lililofunguliwa na mtu anayejua kufundisha, nitalirudishia 250 kwa kila sanduku lililouzwa, kwa M-Pesa, mwisho wa mwezi. Sanduku la maonyesho natoa bure. Binamu alisisitiza jambo moja tukaliandika kwenye karatasi ya masharti: marejesho hayahusiani kwa vyovyote na bei anayouzia. Ukiyafunga kwa bei, ni ile barua tu imepitia mlango wa nyuma. Mwenye meza akitaka kuuza 1,900, namlipa 250 yake kama kawaida.

Yule wa Nairobi alipomaliza mzigo wa zamani alijikuta ananunua kwa 1,750. Sikumwambia neno kuhusu bei yake. Akapanda mwenyewe hadi 2,200, na kwa tofauti ya 300 na bei ya dukani vijana wengi wanaona heri wabebe lililo mezani kuliko kungoja na kulipia usafirishaji.

Ukaguzi ndio unaonichosha. Kuna anayedai marejesho na meza hana. Siku hizi nikiingia dukani naomba sanduku la maonyesho na kushika kadi kwanza. Kadi zilizochezwa zimelegea, pembe zimekuwa nyeupe, na mara nyingi dadu moja imepotea. Zikiwa bado zinateleza na kunukia wino, naelewa, na mwezi huo hakuna pesa.

Majuzi wa Nairobi alinipigia akitaka 250 naye. Nikamwambia aweke meza. Akasema meza hana, ila anaweza kurekodi video ya kufundisha mchezo, kwa Kiswahili na kwa Dholuo. Tumekubaliana 100 kwa sanduku, na video hiyo mama wa duka la vitabu naye ataitumia.