Nilibadili ekzosi na eya klina, kabureta ikanidai

Pikipiki yangu ni ya cc 150, ya kabureta (kile chombo kinachochanganya hewa na petroli), na haikuwa imefikisha kilomita 2,000 nilipoanza kuichokonoa. Kisa ni mlima wa Ilboru, hapa Arusha. Mimi nauza dawa za mifugo, na nikishafunga kreti mbili za dawa ya kuogeshea nyuma, chombo kipya kabisa kilikuwa kinapanda Ilboru kwa gia ya pili kikilalamika kama ng'ombe anayeburutwa kwenda josho. Vijana wa kijiweni Sakina walinipa jibu hata sijamaliza kuuliza: "Hiyo imebanwa pumzi, chalii. Weka ekzosi ya wazi, toa na hilo boksi la eya klina, la kuchujia hewa."

Nikatoa 85,000 za ekzosi fupi na 25,000 za eya klina ya koni, ile inayofungwa moja kwa moja kwenye kabureta. Saa moja na nusu kazi imekwisha. Kwenye lami ya kwenda Ngaramtoni ilichanganya vizuri ikishakuwa juu, na mlio wake, nisidanganye, ulinipa sifa. Ila Ilboru haikubadilika, pengine ilizidi. Ukifungua mafuta ghafla inasita kwanza, kama mtu anayemeza mate, ndipo inaondoka. Ukiachia, ekzosi inapiga risasi. Pale Mianzini ilipiga moja, mama mmoja akaangusha beseni la maparachichi. Nilisimama kumwokotea huku nikiomba radhi, na mawili yaliyopasuka nikayalipa.

Siku ya nne, asubuhi naifuta, nikaona bomba karibu na kichwa cha injini limegeuka rangi: bluu inayoingia zambarau, kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mtu mzima, Unga Limited. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia macho yakiwa kwenye bomba. Akafungua plagi, akanionyesha ncha yake. Nyeupe, kama imepakwa chokaa.

"Mwanangu, hewa umeipa. Mafuta je, umeipa?"

Injini ya petroli inataka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli ili vyote viungue visibaki. Boksi la kiwandani huibana hewa kidogo, na kule kubana ndiko kunakosaidia kabureta kuinyonya petroli kupitia jeti, kile kitundu kidogo cha kupitishia petroli. Mimi nilikuwa nimefungua mlango wa kuingilia na wa kutokea, jeti nikaiacha ileile. Mchanganyiko ukawa mwepesi, yaani hewa nyingi petroli kidogo, na mchanganyiko mwepesi huwaka kwa joto kali. Zile risasi nazo zilikuwa na sababu yake: gasketi ya ekzosi haikukaa sawa, ukiachia mafuta hewa inapenya hapo na kuikuta petroli ambayo haijaungua ndani ya bomba la moto.

Alibadili gasketi, akanituma jeti za namba mbili za juu. Jeti ukiongeza namba umeongeza tundu. Wapo mafundi wanaoitoboa ya zamani kwa waya, yeye alikataa katakata, akasema tundu la waya halina namba, kesho utarudije ulikotoka? Tukaweka ya kwanza, nikapanda nayo mlimani mafuta yakiwa wazi, nikabana klachi na kuzima injini palepale. Usiiache ingurume kwenye sailensa, yaani bila kuivutia mafuta, kabla ya kufungua plagi, utasoma habari za sailensa badala ya za mlimani. Plagi bado ilikuwa nyeupe. Ya pili ikatoa rangi ya biskuti, akatikisa kichwa kukubali.

Nikadhani nimemaliza. Wiki iliyofuata nikashuka Moshi kuchukua mzigo. Usa River salama, KIA salama, nakaribia Boma Ng'ombe nasikia risasi zimeanza upya, na kwa mwendo wa 70 injini inavutavuta. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi ni mita 800 na kitu. Ukishuka, hewa inakuwa nzito, injini inavuta nyingi zaidi, na jeti haijui kwamba umeshuka. Fundi wa Moshi hakuigusa jeti. "Mangi, mwendo wako ni wa mafuta nusu, hapo inayotawala ni sindano, ile inayoziba na kufungua njia ya petroli ndani ya kabureta." Akashusha klipu inayoishikilia mfuo mmoja, sindano ikapanda, petroli ikaongezeka, nikarudi nyumbani kimya. Arusha sasa plagi inaelekea kahawia iliyokolea na petroli inakwenda zaidi kidogo. Nimeiacha hivyo, maana mafuta yakizidi yatakula hela yangu, yakipungua yatakula pistoni.

Koni ndiyo iliyonitoa jasho. Mnada wa Kisongo wakati wa kiangazi si mahali pa eya klina ya wazi. Siku moja niliifungua, nikapitisha kidole kwenye mdomo wa kabureta, kikatoka na unga mwekundu laini kama poda ya mtoto. Unga huo ukiingia kwenye silinda unasaga ringi za pistoni. Jioni ileile nikarudisha boksi la kiwandani na sponji mpya, na jeti nikaishusha namba moja, kwa kuwa hewa ilikuwa imepungua tena.

Ekzosi imebaki, lakini si ya wazi. Jirani yangu alijifungua, na baba mtoto akanijia kwa adabu nyingi kuliko nilivyostahili: "Kaka, saa kumi na moja alfajiri, tafadhali." Mchomeleaji akaniwekea ndani bomba lenye matundu lililozungushiwa sufi ya kioo.

Na Ilboru? Mzee wa Unga Limited aliniuliza siku ya kwanza kabisa kama nimewahi kuhesabu meno ya sproketi ya nyuma, ile gia ya mnyororo kwenye tairi, nami nikampuuza. Nimeweka yenye meno matatu zaidi. Kwenye lami injini inapiga kelele mapema na spidi ya juu imepungua, lakini kreti mbili zinapanda kwa gia ya tatu. Koni bado iko nyumbani, anayeitaka kwa 10,000 aje, ila aje na jeti zake.